Kazi Yangu Ilikuwa Kushika Mshipa

Kila nikisimulia habari za miaka ile ya Wajerumani, hakosekani mtu wa kuniuliza, "Kwani wewe ulikuwa unachapa?" Nimechoka kulijibu swali hilo. Sikumchapa mtu. Kiboko chenyewe nilikigusa mara moja tu, siku kilipomponyoka ombasha, askari mwenye kazi ya kuchapa, kikaangukia miguuni pangu, na hata hapo nilimrudishia kwa vidole viwili kama mtu anayetupa panya aliyekufa. Kazi yangu ilikuwa kushika mshipa. Nikishasema hivyo watu hushusha pumzi. Husema, alaa, kumbe ulikuwa upande wa mgonjwa! Basi hapo ndipo ninapokereka zaidi, maana nami kwa miaka miwili mizima nilijidanganya hivyohivyo.

Nilizaliwa Busi, kwenye vilima vyetu vya Warangi. Kurani nilisoma huko kwetu, na udaktari wa kizungu niliuokoteza pwani, katika hospitali ya serikali, nilikoanza kwa kuosha chupa nikaishia kuosha vidonda. Reli ilipofika nyanda za kati, daktari mmoja wa Kijerumani akapangiwa boma letu, akanichukua niwe msaidizi wake kwa sababu nilijua Kiswahili, Kigogo cha sokoni, na Kijerumani cha mtu aliyezoea kuagizwa. Watu wakaniita mganga mdogo. Tulikuwa na chumba kimoja cha mawe cha kutibia, na nyuma yake tembe yenye vitanda sita vya kamba kwa wagonjwa wa kulala. Ukisimama mlangoni ulitazamana na uwanja wa boma, na katikati ya uwanja ndipo watu walipochapwa. Hakuna aliyeona ajabu hospitali na mahali pa kiboko kutazamana namna ile. Ilirahisisha kubeba watu.

Adhabu ya siku zile ilikuwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Hata watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walitishana kwayo. Aliyeonekana ana kosa kubwa alihukumiwa mara mbili: hamsa ishirini leo, na nyingine baada ya majuma mawili, akishapona. Serikali ilikuwa na kanuni yake. Mtu asichapwe kabla daktari hajamtazama na kuandika kwamba anaweza kustahimili, na wakati wa kuchapwa lazima mtu wa dawa awepo. Daktari wangu aliipenda sana kanuni hiyo. Alinieleza siku ya kwanza, huku akifuta miwani, kwamba hiyo ndiyo tofauti kati ya sheria na ugomvi.

"Tusipokuwepo sisi," alisema, "hawa wataua watu."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Hakuwa mtu mkatili. Aliamka alfajiri kuwatia watoto dawa ya macho, maana vumbi na nzi wa nchi hii viliwapofusha wengi, na mama wa mtoto akimletea kuku wa shukrani, alimrudishia akamwambia akamchinjie mtoto. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa shetani. Shetani unamjua, unakaa naye mbali.

Basi mtu alipolazwa kifudifudi uwanjani, mimi nilichuchumaa kichwani pake, nikashika kifundo cha mkono wake wa kulia, vidole viwili juu ya mshipa, macho kwenye saa ya mfukoni ya daktari. Mapigo yakienda vibaya, ninyanyue mkono juu. Hiyo tu. Miaka miwili sikuwa nimeunyanyua hata mara moja, na nilijivunia jambo hilo. Nilidhani ni kwa sababu tunachagua vizuri.

Kisha akaletwa yule mzee.

Alikuwa jumbe wa kijiji kimoja cha Wagogo, mwendo wa zaidi ya siku moja upande wa Kibaigwa. Akida alimwagiza atoe vijana wa kubeba mizigo ya barabara, na wakati wenyewe ulikuwa mwisho wa kiangazi, watu wanasafisha mashamba wakingoja mvua. Vijana wakakimbilia porini. Jumbe akaulizwa waliko, akasema pori ni kubwa. Kwa jibu hilo akapata hamsa ishirini mara mbili.

Ile ya kwanza aliimaliza bila kutoa sauti. Ila mimi niliyemshika mkono nilisikia jambo ambalo hakuna mwingine aliyelisikia. Moyo wake ulikuwa unaruka. Unapiga mara tatu, unanyamaza, kisha unapiga kwa haraka kama mtu aliyechelewa. Haukufikia hali ya kunyanyua mkono, lakini sikuupenda hata kidogo. Walipomlaza kwenye kitanda changu cha kamba, niliibonyeza miguu yake iliyovimba, na shimo la kidole changu likabaki pale pale.

"Mbukwa, baba," nilimwamkia kwa lugha ya kwao.

Akaitika vizuri, kisha akauliza, "Siku ngapi?"

"Siku ngapi za nini?"

"Za kupona."

Nikamwambia asubiri, kidonda hakina haraka. Nikamwosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikampaka dawa, nikamfunika kwa kitambaa safi kilichochemshwa. Kila asubuhi nilifanya hivyo, na niliifanya kazi hiyo vizuri. Mikono yangu ilikuwa imefunzwa, na nyama ya mzee yule ilikuwa ya mtu aliyekula mtama na maziwa maisha yake yote. Siku ya nne daktari akaja, akainama, akatazama, akafurahi.

"Kazi nzuri sana. Alhamisi ijayo atakuwa tayari."

Nilikuwa nimeshika beseni. Neno hilo, tayari, nilikuwa nimelisikia kwake labda mara ishirini tangu nimjue, na kila mara niliitikia "ndiyo, Bwana daktari" nikaendelea na beseni langu. Siku hiyo ndiyo likanifikia. Tayari kwa nini? Mzee hakuwa tayari kwenda nyumbani. Alikuwa tayari kwa hamsa ishirini ya pili! Kila kitambaa nilichochemsha kilikuwa kinamsogeza uwanjani. Nikilala, dawa yangu inamfanyia kazi ombasha. Wanasema panya huuma na kupuliza, na katika boma lile wengine waliajiriwa kuuma, mimi nikaajiriwa kupuliza.

Nilijikasirikia sana. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anayejiona mjanja kwa sababu anajua kusoma kipimajoto, imenichukua miaka miwili kuona kitu ambacho mbuzi angekiona!

Nikamfuata daktari chumbani kwake. Nikamweleza habari ya moyo. Akaja, akausikiliza kwa mpira wake wa masikioni, mbele na mgongoni pale palipokuwa na ngozi nzima, akachukua muda mrefu.

"Ni moyo wa mzee," akasema. "Umechoka, lakini unafanya kazi."

"Mara ya pili hautaweza, Bwana daktari."

"Ndiyo maana wewe utakuwepo."

"Nikimponya, mimi ndiye ninayempeleka kwenye kiboko."

"Na usipomponya?"

"Ataoza."

"Basi mponye," akasema, akarudi kwenye barua zake.

Kila neno lake ukilichukua peke yake ni sawa, na ukiyafuata yote unajikuta shimoni. Nilitoka nje nikasimama juani nikitafuna mswaki ulioisha zamani.

Kuharibu kidonda sikuweza. Nilifikiria, siwezi kusema sikufikiria, lakini nilipofika pale na kitambaa kichafu mkononi, nikakitupa. Nikaamua kusema uongo wa karatasi. Alhamisi ilipokaribia nikakichovya kipimajoto kwenye kikombe cha uji, nikaandika homa. Kesho yake tena, homa. Daktari akasoma, akatikisa kichwa, akaahirisha juma zima. Nilifurahi kama mwizi aliyeruka ukuta salama. Hesabu yangu ilikuwa kuyaunganisha majuma, moja baada ya jingine, mpaka mvua inyeshe na Bwana Mkubwa wa boma apate mambo mengine ya kumshughulisha, au ahamishwe, au amsahau mzee. Wazungu wa boma walihamishwahamishwa sana.

Kilichobaki ni mgonjwa mwenyewe kuumwa. Nikamwinamia sikioni.

"Baba, daktari akiingia, ugulia kidogo. Una homa."

Akageuza uso akanitazama kama niliyemwambia akaibe ng'ombe wa shemeji yake.

"Mimi sina homa."

"Unayo kwenye karatasi."

"Basi karatasi ndiyo iugue."

Nikamweleza yote, habari ya moyo, habari ya kikombe cha uji, habari ya majuma. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akanyosha kidole mlangoni, kule juu ya vilima, ambako kwa siku mbili mawingu yalikuwa yamejikusanya.

"Umeyaona yale?"

"Nimeyaona."

"Mke wangu yuko peke yake. Mbegu ya uwele iko ghalani. Wale vijana wako porini, hawawezi kumsaidia. Mvua ya kwanza ikipita sijapanda, mwaka huu tutakula nini, hiyo homa yako? Hawa wanataka ishirini na tano zao. Wape, niende."

"Utakufa, mzee wangu."

"Na nikilala hapa kifudifudi kama mjusi, mvua ikanyesha, hapo nitakuwa mzima?"

Nakiri jambo hili ingawa linanitia aibu: nilitamani kumzaba kofi. Mimi najitia hatarini kwa ajili yake, nadanganya serikali, natumbukiza mali ya serikali kwenye uji, naye ananiletea habari za uwele! Nikamgombeza kwa sauti ya chini mpaka mate yakanikauka. Nikamwambia ni mbishi, nikamwambia Wagogo wote ni wabishi, nikamwambia hajui ninachokijua. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, kwa upole uliozidi kuniudhi, "Mganga, wewe unajua moyo. Mimi najua mvua."

Alhamisi daktari akaja. Alikuwa bado hajafika kitandani mzee aliposhuka, akajifunga shuka yake kiunoni, akasimama katikati ya tembe. Kisha akaruka. Akaruka kama vijana wanavyoruka ngomani wakati wa mavuno, kidevu juu, mabega yakitetemeka, miguu miwili ikitua pamoja. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wagonjwa wengine wakaanza kumwitikia kwa sauti za kooni, maana walidhani ni furaha. Mimi nilikuwa naiona shingo yake. Mshipa ulikuwa ukichezacheza pale kama kitu kinachotaka kutoka, na jasho limemkaa juu ya mdomo.

Daktari akacheka. Hakucheka kwa dharau, ningependa kusema hivyo lakini si kweli. Alicheka kama mtu aliyeona kazi yake imezaa matunda. Akamgusa mzee kwenye paji la uso kwa mgongo wa mkono. Akaichukua karatasi yangu ya homa, akaitazama, akanitazama mimi. Akatoa kalamu akaandika kwamba anafaa, kisha akanikabidhi saa yake ya mfukoni.

"Kesho asubuhi," akasema.

Jioni hiyo sikula. Mke wangu akasema kesho nijifanye naumwa mimi, kwa kuwa homa nazijua kuziandika. Ni mwanamke mwenye ulimi. Nikamwambia nisipokwenda daktari mwenyewe ndiye atakayemshika mzee, naye hushika mkono wa mtu kama anayeshika komeo, akili iko kwenye barua. Mimi nimeshaujua ule moyo unavyoruka. Nikajiambia mkono wangu upo kwa ajili ya hilo, na kesho kwa mara ya kwanza nitaunyanyua, na itakuwa mwisho wa mambo. Nilisema hivyo kwa moyo mzito lakini nikapata usingizi.

Asubuhi wakamlaza kwenye mkeka. Bwana Mkubwa alikuwa barazani na kahawa yake. Daktari alisimama kivulini. Shaushi, mkubwa wa askari, alihesabu kwa sauti, ombasha akachapa. Sitaeleza kiboko, anayetaka kujua kiboko kinafanya nini aulize wengine, wapo tele. Mimi nilikuwa na vidole viwili na saa. Mpaka cha kumi moyo ulikuwa unaruka kama kawaida yake. Cha kumi na mbili ukaanza kuchechemea. Shaushi aliposema kumi na tano, vidole vyangu havikusikia kitu. Nikatazama mshale wa saa ukienda nukta moja, mbili, tatu. Hakuna.

Nikanyanyua mkono. Niliunyanyua juu kabisa, mpaka bega likaniuma. Shaushi akanyamaza, ombasha akashusha kiboko. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijua imekwisha. Kwani mkono ule uliwekwa kwa ajili ya nini?

Daktari alikuja mbio, akapiga magoti vumbini na suruali yake nyeupe. Aliuchukua mkono wa mzee kutoka kwangu, akamgeuza ubavu, akamsikiliza kifua, akaagiza maji, akatia matone ya dawa ya moyo. Alifanya vizuri, sijaona mtu akifanya vizuri vile. Mzee akafumbua macho. Mshipa ukarudi, kwanza kama uzi, halafu kama kamba. Daktari akaendelea kuchuchumaa pale robo saa nzima, jua likimpiga kisogoni, akiwafukuza nzi kwenye uso wa mzee kwa kofia yake.

Kule barazani Bwana Mkubwa akauliza, wala si kwa hasira, "Anaweza?"

"Anaweza," daktari akasema. "Lakini polepole." Akamgeukia shaushi. "Kumi na sita."

Nikasimama. Nikasema kwa Kijerumani changu kibovu kwamba mimi siwezi. Daktari hakuinua uso. Aliuliza tu, "Nani atashika?" kama anayeuliza nani atafunga mlango. Nikageuka nikaondoka. Nilikuwa nimepiga hatua nne, nimeziweka moyoni mpaka leo, nikajiona mwanamume, niliposikia mzee ananiita kutoka pale chini.

"Mganga. Usiniache na hawa. Nishike."

Nikarudi. Sikushika mshipa tena, nilishika mkono wote, kiganja kwa kiganja, naye akanibana mpaka kucha zangu zikawa nyeupe. Saa ya daktari iliangukia vumbini na hakuna aliyeiokota. Tukavimaliza vile kumi vilivyobaki.

Alipona. Daktari akaniita jioni, akanimiminia chai kwa mkono wake, akasema, "Unaona? Bila mkono wako tungempoteza." Na ni kweli. Hilo ndilo ambalo halijanishuka kooni miaka yote hii. Kama nisingenyanyua mkono, mzee angekufia pale mkekani, na pengine Bwana Mkubwa angelazimika kuandika barua za kujieleza, na pengine siku nyingine wangeogopa. Niliyemwokoa ni mzee, na niliowaokoa ni wao pia. Nilikunywa ile chai. Sikujua jingine la kufanya nayo.

Mvua ilinyesha kabla kidonda hakijafunga. Mzee akaondoka hivyohivyo, mke wake amekuja kumchukua, wote wawili wameloa, yeye anacheka. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akanibariki kwa maneno ambayo Kigogo changu cha sokoni hakikuyafikia. Nilifurahi kwa siku kadhaa.

Wakati wa palizi, asubuhi moja, nikafungua mlango wa chumba cha kutibia nikawakuta wanaume wanne wamekaa chini, mstari mmoja, wamejifunga shuka safi, na kibuyu cha maziwa katikati yao. Walikuwa wale wa porini. Akida aliwasaka na askari tangu kiangazi, akachoma tembe mbili, asimpate hata mmoja.

"Mmeletwa na nani?"

"Tumejileta," akasema mkubwa wao. "Jumbe ametwambia. Amesema hapa bomani siku hizi yuko mtu wa kukushika. Roho ikitaka kutoka, ananyanyua mkono, Wazungu wenyewe wanasimama, wanakupa maji. Amesema bila wewe asingepona. Basi tumeona tuje tuchapwe, tumalize, turudi kwa watoto."

Akaninyoshea mkono wa kulia, kiganja juu, kifundo kiko wazi, nione kama kinafaa. Nyuma yangu nilisikia daktari ameingia kwa mlango wa pili, anamimina maji kwenye beseni anawe.

Nikachuchumaa mbele yao. Nikawaambia kwa Kigogo chote nilichokuwa nacho, kwa sauti ya chini, kwamba bado ni mapema, askari hawajatoka, hakuna aliyewaona. Waondoke. Wakimbie.

Wakatazamana, wakatabasamu kwa adabu, kama wageni wanaoambiwa na mwenyeji kwamba nyumbani hakuna chakula huku wanasikia harufu.

"Tukimbie nini, mganga," mkubwa wao akasema, "na wewe upo?"